Mashine Ikikunyima Mkopo au Kukufungia Akaunti: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Ukiwa Mtwara au Lindi

Mkulima wa Tandahimba ameuza kilo 1,260 za korosho kupitia AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika. Fedha imeingia benki kwa mikupuo mitatu, kati ya Novemba na Januari. Mwezi Mei anaomba mkopo wa shilingi 200,000 kwenye simu ili alipe vibarua wa kupalilia mikorosho. Kabla hajaiweka simu mfukoni, jibu limesharudi: "Samahani, kwa sasa hustahili mkopo." Kesho yake anaulizia kwa wakala, anaambiwa, "Mfumo umekataa."

Ukisikia "mfumo umekataa," watu wengi wa kusini huishia hapo, na hapo ndipo haki yao inapopotea. Mfumo una mwenyewe. Kuna kampuni iliyouweka, kuna taarifa ambazo mfumo huo umezisoma, kuna sheria inayoisimamia kampuni hiyo, na mara nyingi kuna ahadi ambayo kampuni yenyewe imeitangaza kwamba akili mnemba (AI) yake inatenda haki. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuvishika hivyo vinne kwa pamoja, kuanzia simu ya kwanza hadi kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Utajuaje kwamba ni mashine iliyoamua

Tazama saa. Ombi lililojibiwa kwa sekunde chache, au lililojibiwa saa saba usiku, halikupitia mikononi mwa mtu. Tazama pia maneno: kama jirani yako naye amepata ujumbe uleule neno kwa neno, huo umeandikwa na programu. Na mhudumu akikuambia "sisi hapa hatuoni sababu, inaonekana tu imekataliwa," basi amekupa ushahidi mkubwa kuliko anavyodhani. Uandike.

Maamuzi ya namna hii yako ya aina nyingi, lakini huku kwetu manne ndiyo yanayowakuta watu mara kwa mara: kunyimwa mkopo au kupunguziwa kikomo chake, kufungiwa akaunti au laini kwa kushukiwa utapeli, kukataliwa sura au alama za vidole wakati wa uhakiki, na kupewa maelezo yasiyo sahihi na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti au WhatsApp ya kampuni.

Mashine inakosea wapi kwa watu wa kusini

Sehemu hii isome taratibu, maana lalamiko linalotaja kosa mahususi hujibiwa tofauti na lile linalosema tu "nimeonewa."

Kosa la kwanza ni msimu. Mifumo ya kukopesha kwa simu hupima mwenendo wa fedha: unaweka mara ngapi, unatoa mara ngapi, salio linakaa vipi, unanunua vocha kiasi gani. Kipimo hiki kinamfaa mwenye mshahara au muuza genge ambaye fedha yake inatembea kila siku. Mkulima wa korosho fedha yake huja kwa wingi kuanzia Oktoba hadi Januari, mwenye ufuta huuza katikati ya mwaka, kisha simu inanyamaza. Mfumo unaoangalia miezi mitatu iliyopita, ukimsoma mwezi Mei, unaona Februari, Machi na Aprili: laini imelala, salio ni shilingi 340. Unahitimisha kwamba mtu huyu hana kipato. Ukweli ni kwamba kipato anacho, ila hakikuangukia kwenye dirisha ambalo mashine imechungulia.

Kosa la pili ni njia ya malipo. Malipo ya korosho hupitia chama cha msingi na kuingia benki, huku mkopo ukiombwa kwenye mtandao wa simu. Kama mtandao huo hauoni akaunti ya benki, basi kilo 1,260 hazipo machoni pake.

La tatu ni laini isiyo ya jina lako. Nyumba nyingi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, kaka au mtoto. Mama anayeuza samaki Mikindani kwa miaka minane, fedha yote ikipita kwenye laini ya mwanawe, hana historia yoyote. Historia yote ni ya mwanawe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, iondoe kupitia mtoa huduma kabla ya kulalamika, maana deni la namba hiyo linaweza kuwa ndilo linalokuharibia jina.

La nne ni vidole na sura. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Mbanguaji wa korosho anajua mafuta ya ganda yanavyofanya: yanaunguza, ngozi inabanduka, michirizi ya kidole inafutika. Kisomeo kikigusa kidole hicho kinasema "haijatambulika," na asiyejua hudhani mtu huyo anatumia kitambulisho cha mwingine. Kabla hujakata tamaa, nawa kwa sabuni, kausha, paka mafuta kidogo sana kisha futa, halafu jaribu vidole vyote kumi kimoja kimoja, siyo gumba tu. Kidole cha pete na kidole kidogo huchakaa polepole kuliko vingine. Wakala akikataa kuendelea baada ya kidole cha pili, mwombe kwa upole amalizie.

Kwa sura, tatizo limepimwa na linajulikana. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama sura yake. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Mifumo imeboreshwa tangu wakati huo, lakini picha ya uhakiki inayokataliwa mara tatu mfululizo ukiwa umesimama kwenye mwanga wa kutosha, bila kofia na bila jua nyuma yako, ni jambo la kulalamikia. Usilichukulie kama aibu yako.

La tano, na hili huumiza kimyakimya, ni deni dogo lililosahaulika. Nyongeza ya salio ya shilingi 3,000 iliyochukuliwa miaka miwili nyuma, laini ikapotea, deni likabaki. Taarifa ikifika kwa kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji, kila mkopeshaji anayeuliza anaiona.

Ahadi za kampuni: zisome kama unavyosoma mkataba

Kampuni kubwa za teknolojia zimeahidi mengi. Microsoft inataja misingi sita ya akili mnemba, na wa kwanza ni kutenda haki. Google ilitangaza misingi yake Juni 2018. Tarehe 21 Julai 2023 kampuni saba, Amazon, Anthropic, Google, Inflection, Meta, Microsoft na OpenAI, zilitoa ahadi za hiari mbele ya serikali ya Marekani, na mojawapo ilikuwa kutafiti madhara ya akili mnemba yakiwemo upendeleo na ubaguzi. UNESCO nayo ilipitisha pendekezo lake la maadili ya akili mnemba Novemba 2021.

Neno la kushika hapo ni "hiari." Kampuni iliyoahidi kwa hiari inaweza kubadili maneno yake, na hili limeshatokea: Februari 2025 Google iliondoa kwenye misingi yake kipengele cha kutotumia akili mnemba kwa silaha na kwa ufuatiliaji wa watu unaokiuka kanuni za kimataifa. Kwa hiyo ukikuta ahadi inayokufaa, ipige skrinishoti siku hiyohiyo, anwani ya ukurasa na tarehe vionekane. Mwezi ujao inaweza isiwepo.

Jambo lingine linalowapoteza watu: aliyeitengeneza mashine na anayeitumia kukuamulia mara nyingi ni wawili tofauti. Benki au kampuni ya mikopo ya hapa nchini inaweza kuwa imenunua mfumo kutoka nje. Ahadi ya mtengenezaji wa Marekani haimfungi mkopeshaji wa Dar es Salaam. Wewe unamdai aliyekupa jibu, yaani yule ambaye jina lake liko kwenye ujumbe. Tafuta ahadi yake yeye: sera ya faragha, vigezo na masharti, mkataba wa huduma kwa mteja, tangazo la biashara.

Ukiwa na karatasi hiyo, uliza maswali haya. Je, maneno ni "tutahakikisha" au ni "tutajitahidi"? Je, wametaja kitengo au mtu wa kuwajibika? Je, kuna muda? Je, wamesema mteja anaweza kuomba mtu apitie upya? Ahadi yenye kitenzi cha kufanya, kitengo na siku ina meno. "Tunathamini usawa kwa wateja wetu wote" haina meno peke yake. Lakini hata hiyo usiitupe: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Kampuni iliyobandika tangazo la "mkopo kwa wote bila upendeleo" inapaswa kuwa tayari kulithibitisha mbele ya Tume ya Ushindani.

Hatua ya kwanza: ushahidi, ndani ya saa moja

Usifute ujumbe. Usiombe tena na tena ukidhani mfumo utachoka. Baadhi ya mifumo huhesabu maombi mengi ya haraka kama dalili ya mtu aliyekwama na kukushusha zaidi. Omba mara moja, ukikataliwa simama.

Piga skrinishoti ya ombi, ya jibu, na ya ukurasa unaoonyesha kikomo chako. Kama simu yako ni ya vitufe, nakili ujumbe neno kwa neno kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na namba iliyoutuma, kisha mwombe mtu mwenye simu janja aupige picha ukiwa kwenye kioo. Kama ulizungumza na roboti, hifadhi mazungumzo yote toka mwanzo, siyo jibu la mwisho tu.

Maneno ya roboti yana uzito. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyeelezwa vibaya na roboti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea kana kwamba roboti ile inajibeba yenyewe. Baraza lilikataa na kuamuru abiria alipwe. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini hoja yake inabebeka kwenye barua yoyote: kilichoandikwa kwenye tovuti ya kampuni ni neno la kampuni.

Hatua ya pili: kusanya karatasi ambazo mashine haikuziona

Omba taarifa ya miamala ya miezi 12. Hapa ndipo wakulima wanapojimaliza wenyewe, kwa kupeleka ya miezi mitatu kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuipata. Ya miezi mitatu inayoishia Aprili itaipa mashine haki kwa uongo wake. Ya miezi 12 inaonyesha msimu mzima. Ichukue ya simu na ya benki, zote mbili.

Kutoka AMCOS chukua nakala za stakabadhi za mzigo uliopeleka ghalani, zenye kilo na daraja, na mchanganuo wa malipo ya kila mnada. Kama mna misimu miwili au mitatu mfululizo, ni bora zaidi, maana inaonyesha kipato kinachojirudia. Mwombe katibu wa chama agonge muhuri. Mvuvi au mfanyabiashara wa soko anaweza kutumia daftari la mauzo, leseni, au barua ya mtendaji wa mtaa.

Kisha omba taarifa yako ya ukopaji. Kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kwa kazi hii ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Isome mstari kwa mstari: jina, namba ya NIDA, namba za simu, kila mkopo, tarehe ulipolipwa. Ukikuta deni ulilolipa bado linaonekana wazi, wekea alama na utafute risiti. Kosa la aina hii ndilo rahisi kurekebishwa kuliko yote, kwa sababu ni namba dhidi ya namba.

Angalizo moja la stesheneri. Ukienda kuchapisha au kuskani, kitambulisho chako hubaki kwenye kompyuta ya watu na kwenye WhatsApp yao. Kaa hapo, angalia wakifuta. Juu ya nakala ya kitambulisho andika kwa kalamu, ikikatiza picha: "Kwa lalamiko la tarehe fulani kwa kampuni fulani tu." Nakala iliyoandikwa hivyo ni vigumu mtu kuitumia kuchukulia mkopo kwa jina lako.

Hatua ya tatu: simu ya kwanza

Piga huduma kwa wateja asubuhi, kalamu mkononi. Mhudumu siye aliyekunyima, kwa hiyo zungumza naye kiungwana, lakini usitoke kwenye mstari. Inaweza kwenda hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Naomba jina lako kwanza, niandike."
"Naitwa Neema, nikusaidie nini?"
"Ahsante dada Neema. Jana saa nne asubuhi niliomba mkopo, nikakataliwa. Nauliza mambo matatu. Uamuzi ule uliamuliwa na mfumo peke yake au kuna mtu aliuangalia? Mfumo ulitumia taarifa zangu zipi? Na ni nani kwenu anaweza kuupitia upya?"
"Kwa kweli mfumo ndio unaoamua, sisi hatuna uwezo wa kubadilisha."
"Nimekuelewa. Basi nifungulie lalamiko, unipe namba yake, na uniambie nitajibiwa ndani ya siku ngapi."

Usikate simu bila namba ya lalamiko. Andika tarehe, saa, jina alilokupa na jibu lake la "mfumo ndio unaoamua." Hilo ndilo jibu ulilokuwa unalitafuta.

Hatua ya nne: barua

Simu inafungua mlango, ila kesi hubebwa na barua. Iandike kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, hivyo asikuambie mtu kwamba lazima Kiingereza. Ukurasa mmoja unatosha. Mfano:

*Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja. Nakala: Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi.*

*YAH: OMBI LA KUPITIWA UPYA KWA UAMUZI ULIOFANYWA NA MFUMO, LALAMIKO NAMBA ______*

*Tarehe ______ saa ______ niliomba mkopo wa Sh 200,000 kupitia namba ______, nikakataliwa ndani ya dakika moja. Mhudumu wenu alinieleza kwamba uamuzi ulifanywa na mfumo.*

*Mimi ni mkulima wa korosho. Kipato changu huingia kati ya Novemba na Januari kupitia benki. Msimu uliopita niliuza kilo 1,260, kama inavyoonekana kwenye stakabadhi na taarifa ya benki ya miezi 12 nilizoambatanisha. Naamini mfumo haukuzingatia kipato hiki.*

*Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba: (1) nithibitishiwe kama uamuzi ulifanywa na mfumo peke yake, (2) nipewe taarifa zangu zilizotumika na mlikozipata, (3) mtu mwenye mamlaka aupitie uamuzi huu upya akitumia vielelezo hivi, (4) taarifa yoyote isiyo sahihi irekebishwe.*

*Kwenye ukurasa wenu wa ______ mmeahidi kwamba ______. Nakala ya ukurasa huo, niliyoichukua tarehe ______, imeambatanishwa.*

*Naomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe ______.*

Hutaona kwenye barua hii neno "nisaidiwe kidogo" wala "nionewe huruma." Hutaona pia "nipewe mkopo." Hakuna sheria inayomlazimisha mkopeshaji kukukopesha. Kinacholindwa ni kwamba usihukumiwe na mashine peke yake kwenye jambo zito, ukanyimwa hata kujua na kusikilizwa. Anayedai mkopo hukataliwa kirahisi. Anayedai kupitiwa upya huwalazimisha wafungue faili.

Kampuni inaweza kukujibu kwamba ulikubali vigezo na masharti ulipojisajili, hivyo mfumo una ruhusa. Usibishane sana hapo. Rudi kwenye ombi la pili na la nne: kuonyeshwa taarifa zako na kurekebishiwa zilizokosewa ni haki zinazosimama zenyewe. Na mara nyingi taarifa ikirekebishwa, uamuzi nao hubadilika.

Peleka kwa barua pepe na, kama tawi lipo Mtwara mjini, Masasi, Lindi au Nachingwea, peleka nakala ya karatasi igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Tunasisitiza muhuri. Barua pepe hupotea kwenye foleni, lakini muhuri wenye tarehe haukataliki.

Hatua ya tano: kampuni ikikaa kimya au ikikataa

Mlango unategemea aina ya kosa, na ukigonga usio wako utapoteza wiki nyingi.

Benki, mkopo wa simu, au kampuni ya mikopo yenye leseni: nenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara na pia mfumo wa mtandaoni wa Sema na BoT. Benki Kuu itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Ndiyo maana ya ile namba ya lalamiko na ule muhuri. Shauri ulilokwisha kulipeleka mahakamani hawataligusa, kwa hiyo usikimbilie mahakamani mapema.

Taarifa zako kutumika vibaya, kunyimwa kuziona, kukataa kupitia upya uamuzi wa mfumo: hii ni kazi ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na Tume ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Huna haja ya kusafiri kutoka Liwale au Newala. Lalamiko linaweza kutumwa kupitia tovuti ya Tume. Sheria inaipa siku 90 za kuchunguza, na inaweza kuongeza zisizozidi 90 nyingine. Piga hesabu ya miezi sita, na usidhani ukimya wa mwezi wa pili maana yake umetupwa. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume anakata rufaa Mahakama Kuu.

Laini kufungwa, alama za vidole kukataliwa, ujumbe wa utapeli: ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Namba inayokutumia ujumbe wa kitapeli iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo. Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA CCC, linaweza kukuongoza bila malipo kama hujui uanzie wapi. Tangazo la kupotosha, kama tulivyosema, ni la Tume ya Ushindani.

Ukishindwa kuandika au umezongwa na maneno ya kisheria, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwao.

Programu za mikopo zisizo na leseni

Hizi tumezitenga kwa sababu kwao barua ya upole haina kazi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Kabla ya kupakua yoyote, angalia kwenye tovuti ya Benki Kuu kama kampuni iliyo nyuma yake ina leseni. Jina la programu na jina la kampuni huweza kutofautiana, kwa hiyo tafuta la kampuni.

Dalili nyingine iko mkononi mwako. Kanuni za Google Play zinakataza programu za mikopo binafsi kusoma orodha yako ya namba na picha zako, na zinakataza mikopo inayotaka kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini. Programu inayokuomba namba zako zote na kukupa siku saba inavunja kanuni zote mbili. Iripoti hapohapo dukani, kwenye kitufe cha kuripoti cha ukurasa wake.

Kama wameshaanza kuwatumia ndugu zako ujumbe wa kukuaibisha, fanya kwa mpangilio huu. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, ondoa ruhusa ya namba, picha, ujumbe na mahali ulipo, ndipo uifute programu. Ukiifuta kwanza unapoteza ushahidi wa ruhusa walizochukua, hivyo zipige skrinishoti kabla hata ya kuziondoa. Waombe waliopokea ujumbe wakutumie skrinishoti zenye namba na saa. Lipa deni halisi tu, kwa njia iliyo kwenye mkataba, na kamwe usitume fedha kwenye namba binafsi ya anayekutisha. Kisha peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu kwa pamoja, na kama kuna vitisho, polisi.

Njia hii inafika mbali. Nchini Kenya, Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho. Faini ile ilianzia kwenye malalamiko ya watu wa kawaida.

Ukishinda

Kuambiwa kwa simu "tumesharekebisha" hakutoshi. Omba barua inayosema nini kimebadilishwa na lini. Kama kosa lilikuwa kwenye taarifa ya ukopaji, mtake mkopeshaji atume marekebisho kwa kampuni zote mbili za taarifa za wakopaji, siyo moja. Subiri kama siku 30, kisha omba taarifa mpya mwenyewe uilinganishe na ile ya zamani. Na kama kipato chako ni cha msimu, panga kuomba mkopo ujao mwezi Desemba au Januari, malipo ya korosho yakiwa bado mabichi kwenye taarifa yako. Barua yao iweke pamoja na stakabadhi za ghala, kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mchwa.